Mganga Hajigangi: Nani Atamtunza Anayetutunza?



Vijana wenzangu, tarehe 11 Februari, kumbukumbu ya Bikira Maria wa Lurdi, Kanisa linaadhimisha Siku ya Wagonjwa Duniani. Mtakatifu Yohane Paulo II aliiweka siku hii mwaka 1992, na ikaadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1993. Maparokiani mnajua inavyokuwa. Tunachangishana sabuni, sukari, dawa za meno na maji ya chupa. Tunavaa fulana za utume wetu, tunaingia wodini, tunaimba, tunasali na wagonjwa, tunapiga picha ya pamoja, tunarudi nyumbani. Ni jambo jema na liendelee.

Ila hebu zitazame vizuri picha zile. Karibu kila moja ina mtu amesimama pembeni, kavaa sare, faili mkononi. Ndiye aliyetufungulia mlango wa wodi na kutuonyesha mgonjwa ambaye hana ndugu. Pengine ndiye aliyeshika simu yetu kutupiga picha. Sabuni haimfikii. Hali yake haiulizwi. Tunaamini yeye ni mzima, maana yeye ndiye mwenye dawa.

Somo letu la leo linamhusu mtu huyo: muuguzi, daktari, mkunga, mtaalamu wa maabara, mhudumu anayefua mashuka, dereva wa gari la wagonjwa. Na hasa linahusu zile nyakati ambazo maradhi ya mlipuko yanaingia, kila mtu anakimbia kutoka hospitali, na wao wanakimbia kuelekea huko.

Wahenga walisema mganga hajigangi. Mara nyingi methali hii tunaitumia kwa kejeli kidogo, kama tunavyomcheka fundi nguo aliyevaa suruali iliyochanika. Mimi naomba tuisikie kwa namna nyingine. Kama mganga hajigangi, basi yupo mwingine anayepaswa kumganga. Hapo methali haimcheki mganga. Inatuagiza sisi.

1. TUANZE NA HALI HALISI

Mwaka 2020 ulikuwa umetangazwa na Shirika la Afya Duniani kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Wauguzi na Wakunga, kwa kukumbuka miaka 200 tangu kuzaliwa kwa Florence Nightingale. Mwaka huohuo UVIKO-19 ukaenea dunia nzima. Shirika hilo baadaye lilikadiria kwamba kati ya Januari 2020 na Mei 2021, wahudumu wa afya kati ya 80,000 na 180,000 walifariki duniani kwa ugonjwa huo. Hata tukichukua makadirio ya chini, hao ni watu wa kujaza uwanja mkubwa wa mpira, na wote walikuwa watu wa kuhudumia wenzao.

Huku kwetu Afrika tulishayaona haya kabla. Mwaka 1995 Ebola iliingia Kikwit, katika nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Waliougua walikuwa 315, na takriban mmoja kati ya kila wanne alikuwa mhudumu wa afya. Masista sita Waitaliano wa Shirika la Masista wa Maskini wa Bergamo walifariki mmoja baada ya mwingine, kati ya Aprili 25 na Mei 28. Mwaka 2021 Papa Fransisko aliidhinisha hati za kutambua fadhila zao za kishujaa. Lakini kuna jambo jingine la Kikwit ambalo halisemwi sana kwenye mahubiri. Glovu, barakoa, makoti ya kujikinga na mafunzo vilipofika, maambukizi mapya kati ya wahudumu yalishuka sana. Maana yake, wengi waliokufa kabla ya hapo hawakufa kwa sababu Ebola haizuiliki. Walikufa kwa sababu vifaa vilichelewa.

Nyumbani Tanzania, Machi 2023, ugonjwa wa Marburg ulithibitishwa mkoani Kagera. Waliougua walikuwa 9, wakafariki 6, na miongoni mwao alikuwemo mhudumu wa afya. Mlipuko ulitangazwa kwisha tarehe 2 Juni. Sisi wengine tulisema "Mungu ni mwema, umeisha", tukaendelea na maisha. Ipo familia ambayo kwake haujaisha.

Na kwa jirani zetu Kenya, Desemba 2020, daktari kijana wa miaka 28 aliyekuwa akihudumia wagonjwa wa UVIKO-19 kule Machakos alifariki kwa ugonjwa uleule. Chama cha madaktari kilieleza kwamba alikuwa hajalipwa kwa miezi kadhaa na hakuwa na bima ya afya. Miaka 28, jamani! Ni umri wa wengi wetu tunaosoma hapa. Tarehe 21 mwezi huohuo madaktari wa hospitali za umma walianza mgomo, na kati ya madai yao yalikuwemo vifaa kinga na bima.

Nimeyaweka haya mwanzoni makusudi. Tukianza na sala bila kutazama hali halisi, tutaishia kusema "Mungu awabariki manesi wetu", kisha tutafunga daftari.

2. NENO LA MUNGU: YULE MWENYE NYUMBA YA WAGENI

Fungua Biblia yako, Luka 10:25-37. Mfano wa Msamaria mwema tunaujua tangu mafundisho ya Komunyo ya Kwanza. Tunamjua aliyepigwa na wanyang'anyi, tunamjua kuhani, Mlawi na Msamaria mwenyewe. Lakini kuna mtu wa tano ambaye karibu hatumsemi: mwenye nyumba ya wageni. Mababa wa Kanisa, kama Origene na Agostino, waliiona nyumba ile kuwa ni mfano wa Kanisa. Mimi leo naomba tumtazame huyu bwana kama mhudumu wa afya, maana ndivyo alivyogeuka ghafla siku ile. Kaletewa mtu anayetoka damu, hamjui jina wala ndugu zake, na hajui kama atapona au atamfia mikononi.

Sasa soma mstari wa 34 na wa 35 polepole, uone Msamaria alivyofanya na mtu huyu.

Kwanza, usiku ule wa kwanza Msamaria alimuuguza majeruhi yeye mwenyewe. Luka anasema fedha zilitolewa siku ya pili yake. Kwa hiyo hakumtupa mgonjwa mlangoni akaondoka. Alikesha, ndipo asubuhi akakabidhi. Kwa lugha ya hospitali tungesema aliingia zamu ya usiku, akamkabidhi mwenzake zamu ya mchana.

Pili, alilipa kabla ya kazi. Alitoa dinari mbili, na ukisoma Mathayo 20:2 utaona kwamba dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua wa siku nzima. Hakumwambia mwenye nyumba, "Ndugu yangu, hii ni kazi ya Mungu, utalipwa mbinguni."

Tatu, aliahidi kufidia gharama itakayozidi. Alijua kwamba uuguzi hauna bei kamili. Kuna mafuta ya ziada, vitambaa vya ziada, na usiku mwingine bila usingizi. Hakutaka gharama hiyo imwangukie anayehudumia.

Nne, aliahidi kurudi. Hakumwacha peke yake na mzigo.

Ndugu yangu, mwishoni mwa mfano Yesu anamwambia mwanasheria aende akafanye vivyo hivyo. Tumezoea kudhani "vivyo hivyo" maana yake ni kumfunga mgonjwa majeraha tu. Lakini nusu nzima ya aliyoyafanya Msamaria ilimhusu yule aliyeachiwa mgonjwa. Kumtunza anayetunza ni sehemu ya amri ileile. Ukiikata, umebaki na nusu Msamaria.

3. KUJITOA NA KUTOLEWA

Hapa niruhusuni niingize kidogo falsafa niliyosomea, nitajitahidi isichoshe.

Kiswahili chetu kina kiungo kidogo sana, "ji", kinachobadili kila kitu. Kujitoa ni tofauti na kutolewa. Mtu anayejitoa ndiye mtenda: ameona, amepima, amependa, ameamua. Mtu anayetolewa ni kama mbuzi wa sadaka: wengine wameamua kwa niaba yake. Kwa nje matendo hayo mawili yanaweza kufanana kabisa. Wauguzi wawili wako kwenye wodi moja, ugonjwa ni mmoja, hatari ni moja. Mmoja amepewa vifaa, ameelezwa ukweli, ameingia kwa moyo wake. Mwingine amefichwa ukweli, hana glovu, na ameambiwa asipoingia atafukuzwa kazi. Wote wakifa tutawaita mashujaa. Ukweli ni kwamba wa kwanza alijitoa. Wa pili tulimtoa sisi.

Bwana wetu mwenyewe alilisema hili waziwazi katika Yohane 10:18: uhai wake hakuna anayemnyang'anya, yeye anautoa kwa hiari yake. Thamani ya msalaba imo ndani ya hiari hiyo.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika Summa Theologiae, anapofundisha mpangilio wa upendo, anauliza kama tunapaswa kumpenda jirani kuliko mwili wetu wenyewe. Anajibu kwamba ndiyo, wokovu wa jirani una uzito kuliko mwili wangu. Lakini anaongeza kwamba mtu kuutoa mwili wake kwa hiari, pale ambapo halazimiki, ni ukamilifu wa upendo. Hapo ndipo penye somo letu. Ukamilifu wa upendo ni zawadi. Zawadi haidaiwi kwa fimbo, wala haigeuzwi kuwa ratiba ya kazi.

Sisemi kwamba muuguzi hana wajibu. Ana wajibu mzito, na aliula kiapo. Akikimbia wodi bila sababu, anamkosea mgonjwa. Ninachosema ni kwamba wajibu huo ni kamba yenye ncha mbili. Yeye kashika ncha moja: kuhudumia. Sisi, yaani serikali, waajiri, Kanisa lenye hospitali, jamii, tumeshika ncha ya pili: vifaa, mapumziko, ujira wa haki, heshima. Tukiachia ncha yetu, hatuna uso wa kumlaumu yeye kwa kuchoka kushika ya kwake.

Tazama mfano wa Gulu, kaskazini mwa Uganda. Hapo ipo Hospitali ya Mtakatifu Maria, Lacor, iliyoanzishwa na wamisionari Wakomboni mwaka 1959. Mwaka 2000 mganga mkuu wake alikuwa Dk. Matthew Lukwiya. Hakuwa Mkatoliki, alikuwa Mprotestanti, na aliipenda hospitali ile kama nyumba yake. Kipindi cha vita, waasi walipokuja kutaka kuwachukua masista, yeye alijitoa achukuliwe badala yao. Oktoba mwaka ule alikuwa Kampala masomoni. Akapigiwa simu kwamba wanafunzi wa uuguzi wanakufa kwa ugonjwa usioeleweka. Akarudi haraka, akashuku Ebola, akatuma sampuli za damu, na kabla majibu hayajatoka akawa ameshafungua wodi ya kuwatenga wagonjwa. Wa kuingia wodi ile aliwapata kwa kuomba waliojitolea wenyewe, nao wakaingia wakiwa wamevaa vifaa.

Hata hivyo watumishi waliendelea kufa. Mwishoni mwa Novemba, baada ya kuwazika wenzao kwa mfululizo, wauguzi wa Lacor walikusanyika wakagoma kuingia kazini. Walikuwa na hofu na hasira, na walikuwa na haki ya kuwa navyo vyote viwili. Lukwiya angeweza kutuma barua ya onyo. Badala yake alikwenda kukaa nao, akawasikiliza, akazungumza nao kwa saa nyingi. Aliwaambia kwamba anayetaka kuondoka anaweza kuondoka, ila yeye atabaki. Wakarudi kazini.

Siku chache baadaye yeye mwenyewe akaanza homa. Inaaminika aliambukizwa usiku alipokimbilia kumsaidia muuguzi mwenzao aliyekuwa mahututi, akiwa amevaa karibu vifaa vyote isipokuwa kinga ya uso. Alifariki tarehe 5 Desemba 2000, akiwa na miaka 43. Mlipuko ule uliwapata watu 425 na kuua 224.

Nampenda Lukwiya kwa kufa kwake, lakini nampenda zaidi kwa mkutano ule. Alikuwa tayari kujitoa, na kwa sababu hiyo hasa hakuthubutu kuwatoa wengine. Kiongozi yeyote wa parokia, shule au utume atafakari hapo.

4. DAWA TANO ZA MTAKATIFU TOMASO

Tumezungumza juu ya mwili: glovu, mshahara, bima. Sasa tuzungumze juu ya moyo, maana huko ndiko kidonda kinakojificha.

Katika kazi za kichungaji nilipangiwa kutembelea hospitali moja ya Kanisa. Mama mmoja muuguzi, mtu wa miaka zaidi ya 20 kazini, alinisimulia kipindi cha UVIKO. Alikuwa akifika nyumbani anaogea bombani uani, anabadilisha nguo hukohuko, na watoto wameshaambiwa wasimsogelee. Kwenye daladala akipanda na sare, aliyekaa jirani anahama kiti. Akacheka kidogo, akaniambia: "Frateri, kwenye televisheni nilikuwa nawaona Wazungu wanawapigia makofi manesi wao. Huku makofi hayakufika. Lakini makofi sikuyataka. Nilitaka mtu aniulize nalala vipi."

Nikamuuliza, "Mama, ulikuwa unalala vipi?"

Akanyamaza. Kisha akasema, "Nilikuwa silali. Mgonjwa anafariki, namfunga macho, napiga simu kwa ndugu zake, nabadilisha shuka, anaingia mwingine. Kulia? Saa ngapi, Frateri?"

Tomaso wa Akwino, katika Summa ileile, alijiuliza huzuni inatibiwaje. Wengi wangetegemea aseme: sali tu. Yeye anataja dawa tano, tuzipitie moja moja.

Dawa ya kwanza ni raha, jambo lolote jema linalofurahisha. Huzuni ni uchovu wa moyo, na raha halali ni pumziko lake. Muuguzi anayetazama mpira, anayepika chakula anachokipenda au kucheza ngoma kwenye harusi ya mdogo wake hajawasaliti wagonjwa wake.

Dawa ya pili ni machozi. Tomaso anasema kwamba jambo linaloumiza likifungiwa ndani huumiza zaidi, likitoka nje linapungua. Kwa hiyo nesi anayelia si nesi dhaifu. Na kwetu vijana wa kiume, ambao tumeambiwa tangu utotoni kwamba mwanamume halii, tujue kwamba Mwalimu huyu wa Kanisa hakukubaliana na fundisho hilo.

Dawa ya tatu ni huruma ya marafiki. Rafiki akihuzunika pamoja nawe, ni kama ameshika upande mmoja wa mzigo, na zaidi ya hapo unatambua kwamba unapendwa. Soma Kutoka 17:8-13. Musa alipochoka mikono, Haruni na Huri hawakumhubiria uvumilivu. Walimletea jiwe akakaa, wakamshika mikono, huyu upande huu na yule upande ule, mpaka jua likazama.

Dawa ya nne ni kuutafakari ukweli. Hapa ndipo sala, Neno la Mungu na sakramenti zinapoingia. Muuguzi anahitaji kusikia kwamba yeye si mwokozi. Mwokozi ni mmoja. Mgonjwa aliyefariki licha ya juhudi zote yumo mikononi mwa Mungu, na hajafutika. Ukweli huu unashusha mzigo ambao hakuna binadamu aliyeumbiwa kuubeba.

Dawa ya tano itakufanya utabasamu: usingizi na kuoga. Ndiyo, Tomaso mwanateolojia ameandika hivyo! Mwili ukirudi katika hali yake njema, na huzuni inapungua. Na Biblia ilishamtangulia. Katika 1 Wafalme 19:1-8 nabii Eliya amechoka hadi anaomba afe. Mungu anamtuma malaika, na malaika haanzi na hotuba. Anamgusa, anampa mkate wa moto na maji, anamwacha alale tena, anamrudia mara ya pili. Maneno ya Mungu pale mlimani Horebu yanakuja baadaye, Eliya akiwa ameshakula na kulala. Yesu naye, katika Marko 6:30-32, mitume waliporudi wamechoka na hata nafasi ya kula hawana, aliwaita waende kando wakapumzike kidogo. Yule mama wa bombani uani alikuwa na kuoga. Usingizi ndio alinyimwa.

5. SASA TUFANYE NINI?

Vijana, hatuna bajeti ya Wizara. Lakini zipo hatua ambazo jumuiya ndogondogo yoyote inaweza kuanza nazo wiki hii.

Mosi, kwenye ziara ya wagonjwa, tengeni fungu la wahudumu. Chupa ya chai na maandazi kwa zamu ya usiku ni injili inayoeleweka bila tafsiri. Ongeeni kwanza na msimamizi wa wodi, msije mkawa usumbufu.

Pili, tambueni ni nani katika jumuiya yenu anafanya kazi hospitalini. Akikosa jumuiya wiki tatu msianze kusema amepoa kiimani. Ulizeni zamu zake, mumfuate. Watoto wake wakihitaji mtu wa kuwapeleka mafundisho Jumamosi, jitoleeni.

Tatu, linda heshima yao kwa ulimi na kwa simu yako. Ugonjwa ukitokea, usisambaze uvumi wala kumrekodi nesi aliyezidiwa ili ucheke na wenzako. Usihame kiti kwenye daladala. Fuata maelekezo ya kujikinga, maana kila mgonjwa anayezuilika ni mzigo mmoja unaopungua mabegani mwao.

Nne, tuseme ukweli kwa adabu. Wahudumu wanapodai vifaa, mishahara iliyochelewa au muda wa kupumzika, tusiwajibu haraka kwamba kazi yao ni wito. Wito haufuti haki. Na hospitali zetu za Kanisa, zenye msalaba juu ya paa, ndizo zinapaswa kutangulia kwa mfano.

Tano, kwa wewe uliye chuo cha uuguzi, cha udaktari, au uliyeanza kazi. Kusema "nimechoka, nahitaji msaada" si dhambi wala si aibu. Tafuta mtu mmoja wa kuaminika wa kumwambia mambo ya wodini yanayokulemea, bila kutaja siri za wagonjwa. Ukiona usingizi umepotea kwa wiki nyingi, hasira haziishi, au unawaza kwamba heri usingekuwepo, usikae nayo peke yako. Nenda kwa daktari au mshauri nasaha, na uende pia kwa padre wako. Vyote viwili, si kimoja badala ya kingine. Mtakatifu Aloisi Gonzaga, msimamizi wetu vijana, alifariki Roma mwaka 1591 akiwa na miaka 23, baada ya kuwahudumia wagonjwa wa tauni. Tunapenda kusimulia ushujaa wake. Tusisahau kwamba wakubwa wake wa Shirika walijaribu kumlinda, wakamzuia asiende kwenye hatari kubwa zaidi. Na ulinzi ule nao ulikuwa upendo.

MASWALI YA KUTAFAKARI PAMOJA

1. Katika mfano wa Msamaria, je, jumuiya yetu inatimiza mambo manne aliyomfanyia mwenye nyumba ya wageni? Lipi limepungua?
2. Je, kuna mtu nyumbani, shuleni au parokiani ambaye "tunamtoa" huku tukisema "anajitoa"?
3. Katika dawa tano za Mtakatifu Tomaso, ipi tunaweza kumpelekea mhudumu wa afya mmoja tunayemfahamu kwa jina?
4. Someni Yoshua bin Sira 38:1-15. Kumheshimu daktari maana yake ni nini katika mazingira yetu?

TUSALI

Ee Yesu, Mganga wa roho na miili yetu, uliyechoka ukakaa kisimani, uliyelala chomboni wakati wa dhoruba, wewe wajua uchovu. Tunawaweka mbele yako wauguzi, madaktari, wakunga na watumishi wote wa hospitali. Uwape usingizi waliokesha. Uwape machozi waliokosa nafasi ya kulia. Uwapokee katika mwanga wako wote waliokufa wakihudumia. Nasi utuondolee uvivu wa kuwasifu tu, utupe mikono ya Haruni na Huri. Bikira Maria, Afya ya Wagonjwa, utuombee. Mtakatifu Kamili wa Lellis, utuombee. Mtakatifu Aloisi Gonzaga, utuombee. Amina.

Ndugu yenu katika Kristo,
Frateri